Kufuli la Usukani na Ujira wa Kupima

Miongoni mwa maradhi ya magari yaliyopanda hivi karibuni katika nyanda za juu za Kigoma, hakuna linalomfedhehesha mwenye gari mbele ya watu kama lile la usukani uliojifunga ukakataa kufunguka. Maana gari lina mafuta, betri yake inawasha taa, injini haina ila, na mwenyewe amekaa kitini na ufunguo wake halali uko mfukoni, lakini kila abonyezapo kitufe cha kuwasha huona taa ndogo ikipepesa tu, na usukani haugeuki kulia wala kushoto. Mwizi hayupo, na gari limemdhania mwenyewe kuwa ndiye. Nimekusudia kulizungumza jambo hili, si kwa sababu magari ya namna hiyo yamejaa Kasulu na Kibondo, la, bali kwa sababu namna tunavyoyatibu inafichua kasoro ya zamani katika biashara yetu ya ufundi, nayo ni kwamba tu wepesi wa kulipia spea, wazito wa kulipia maarifa.

Tangu 1993, walipomiminika wakimbizi wa Burundi, na 1996, walipofuata wale wa Kongo na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, magari yaliyotawala barabara za Uha kutoka Heru hadi Muhambwe yalikuwa Land Cruiser za mashirika ya misaada, zenye injini ya dizeli ya 1HZ ambayo pampu yake ya mafuta ni ya chuma kitupu, isiyongoja amri ya kompyuta yoyote. Katika gereji za magari hayo wamelelewa mafundi hodari, watu ambao husikiliza mlio wa injini kwa mbali wakaitambua silinda inayochechemea, na ambao hawakuwa na haja ya kifaa cha umeme zaidi ya balbu yenye waya mbili. Kisha ikaja lami, ikaiunganisha Kabingo na Kibondo, na Kibondo na Kasulu, hata ikaelekea Manyovu mpakani. Na njia ambayo zamani ilimkatalia mtu kupita na gari la chini, ama kwa vumbi la kiangazi ama kwa tope la masika, ikawa inamkaribisha. Basi yakaja magari ambayo vijana wetu waliyaona Dar es Salaam na Mwanza wakayatamani: Toyota Crown Athlete, na Mark X iliyotoka Japani mara ya kwanza mwaka 2004 na injini yake ya silinda 6 ya lita 2.5 au 3.0, magari ambayo kwa umbo ni ya familia na kwa tabia ni ya spoti, na ambayo huwashwa kwa kubonyeza, si kwa kuzungusha ufunguo.

Lakini magari hayo hayaji yakiwa vijana. Kenya hulikataa kabisa gari lililokwisha kupita miaka 8. Sisi hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu, tukalifungulia mlango. Siwalaumu waliopanga hivyo, kwa kuwa mwalimu wa Kasulu au mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo hana uwezo wa kununua gari jipya, na gari kuukuu ni bora kuliko kukosa. Ila yatupasa tujue tulichokinunua: mota ndogo iliyotengenezwa Japani ili imhudumie mtu wa Nagoya kwa miaka kumi, sasa inaombwa ianze utumishi wa pili Makere, ilhali grisi yake imekauka na swichi zake zimelika.

Hebu tulitazame kufuli lenyewe. Ndani ya kifuniko cha plastiki chini ya usukani pana kisanduku cha chuma chenye mota, giya mbili tatu, na ulimi wa chuma unaoingia katika pengo la mhimili wa usukani. Mwenye gari anapokanyaga breki na kubonyeza kitufe, kompyuta huuhoji ufunguo kwa mawimbi ya redio. Ufunguo ukijibu sawasawa, mota huamriwa iurudishe ulimi. Ulimi ukisharudi, swichi zilizomo kisandukuni hupeleka habari kwamba njia i wazi. Na habari hiyo ndiyo inayoruhusu umeme upite mpaka injini iwake. Hivyo wapo mashahidi watano, yaani ufunguo, kompyuta, betri, mota na swichi, na akinyamaza mmoja wao kesi haiendelei. Fundi asiyejua ni nani aliyenyamaza atamhukumu aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni kufuli.

Wala asije mtu akadhani kwamba taabu hii ni ya mafundi wa bara kwa kuwa wako mbali na viwanda. General Motors ya Marekani, iliyotia kufuli kwenye mhimili wa usukani wa magari yake ya mwaka 1969, mwaka mmoja kabla ya sheria ya nchi hiyo kulazimisha kwamba ufunguo ukitolewa ama usukani ufungwe ama gari lisiweze kwenda lenyewe, ilihangaishwa na kufuli la umeme la gari lake mashuhuri la spoti, Corvette, lile lililotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2004. Waundaji wa gari hilo walikuwa na hofu nzito zaidi ya wizi: lau ulimi ungekataa kurudi na gari likaondoka hata hivyo, dereva angejikuta anakwenda asiweze kukata kona. Kwa hiyo wakaiagiza kompyuta ikate mafuta pindi gari linapoanza kutembea hali kufuli halijathibitisha kufunguka. Hadhari njema, lakini ikawa mamia ya wenye Corvette wanaduwaa njiani wakiusoma ujumbe wa kufuli kwenye deshibodi, na mwaka 2004 kampuni ikalazimika kuyaita magari zaidi ya laki moja yarekebishwe. Wenye Nissan 370Z, gari lililotoka mwishoni mwa 2008, nao wameyaonja hayo hayo. Kama waliobuni kufuli wenyewe walihitaji miaka kuelewana nalo, fundi wa Kibondo hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Sasa, gari limegoma. La kwanza ni kuacha kubonyeza. Wengi hawalijui hili, na hasira huwazidishia ujinga: katika magari mengi ya Toyota mota ya kufuli imewekewa ulinzi ili isiungue, na ikiwa gari limewashwa na kuzimwa mara nyingi kwa muda mfupi, mota hujipumzisha yenyewe, ikarudi kazini baada ya kama sekunde 10. Mtu anayebonyeza mfululizo huku umati ukimshauri hujinyima zile sekunde kumi ambazo zingemfungulia. La pili ni magurudumu. Miji yetu imejengwa kwenye miteremko, na dereva mwenye adabu akiegesha gari mlimani hukunja magurudumu kuelekea ukingo wa barabara. Jambo hilo ni la salama na nalisifu, lakini uzito wa gari ukiegemea gurudumu lililokunjwa, mhimili wa usukani huubana ulimi wa kufuli, na mota ile ndogo haina nguvu ya kuuchomoa. Dawa yake ni kubonyeza kitufe huku usukani unatikiswa taratibu huku na huku, bila kutumia mabavu. Toyota huonyesha hali hii kwa taa ya kijani inayopepesa kwenye kitufe. Ikipepesa taa ya rangi ya manjano iliyoiva, hapo gari linasema kwamba mfumo wenyewe una hitilafu. Tofauti ya rangi mbili hizo imo katika kitabu cha mwongozo cha gari, na kitabu hicho aghalabu kimeandikwa Kijapani, au kilibaki Japani.

Usukani ukiwa huru na gari bado halitaki, uhojiwe ufunguo. Betri yake ni kidonge kidogo kinachopatikana maduka ya saa, nacho kikifa gari haliwezi kumtambua bwana wake. Lakini katika Toyota nyingi ufunguo uliokufa ukigusishwa kwenye kitufe upande wa nembo, hujibu kwa ukaribu kile ulichoshindwa kukijibu kwa mbali. Baada ya hapo ije betri kubwa, nayo ndiyo yenye lawama mara nyingi kuliko wote, kwa sababu ina hila ya kuwasha taa za ndani na redio, mwenyewe akaamini kwamba ni nzima. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12 imekwisha kuishiwa, na ile inayoanguka chini ya 9.6 wakati wa kuwasha injini haifai tena kuaminiwa. Kompyuta za gari huingiwa na kiwewe katika umeme hafifu kabla taa hazijafifia machoni petu. Kisha fundi atazame fyuzi, na atazame waya wa arthi, pale unapokutana na bodi: mita iwekwe upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini huku gari linajaribiwa kuwashwa, na ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye kutu na vumbi. Vumbi letu jekundu, likichanganyika na unyevu wa masika unaoanza mwezi wa kumi na kutuaga mwezi wa tano, hufanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Ni baada ya haya yote ndipo sikio lipelekwe kwenye kufuli. Kitufe kinapobonyezwa, mota ikilia na ulimi ukisikika kurudi, ilhali gari bado halikubali, shaka iwe juu ya swichi za ndani zinazopaswa kutoa habari. Kukiwa kimya kabisa, ama umeme haufiki, ama mota imekufa. Na mita itasema ni lipi kati ya hayo mawili. Wapo wanaopiga kifuniko kwa mpini wa bisibisi, gari likawaka, wakatoza pesa wakaenda zao. Kugonga huko ni ushahidi kwamba mota imechoka au grisi imeganda, na ushahidi huo ni wa manufaa; lakini aliyegonga akanyamaza amemwachia mteja wake gari litakalomwangusha Jumapili usiku katikati ya pori la Moyowosi. Mashine ya kusoma makosa nayo ina nafasi yake hapa, kwa sharti kwamba msomaji aelewe kuwa inataja mahali malalamiko yalipotokea, wala haimtaji mkosaji. Mashine ikisema kuna kosa katika habari za kufuli, yawezekana kabisa kwamba kufuli ni zima na mkosaji ni waya.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa makusudi, maana msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haina spea ndani yake hata moja. Na hapo ndipo penye ugonjwa wetu.

Tuwaweke mafundi wawili mbele ya gari moja. Wa kwanza anatumia saa mbili, anapima betri, anafuata waya, anakuta nati ya arthi imelegea, anaisugua kwa msasa, anaikaza, gari linawaka. Mwenye gari atamlipa nini? Atamwambia, kwa tabasamu, kwamba kumbe ilikuwa nati tu, atampa pesa ya soda na kumwita mdogo wangu. Fundi wa pili hapimi. Anatangaza kwamba kufuli limekufa, anaagiza jingine la mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, anatia faida yake juu ya bei, anaongeza nauli ya basi, kisha anadai ujira wa kufunga. Huyu atalipwa na kuheshimiwa, kwa sababu kazi yake imeonekana na ina mzigo uliofungwa kwenye boksi. Tumewafundisha mafundi wetu, kwa pochi zetu wenyewe, kwamba kufikiri hakuna riziki. Na baada ya kuwafundisha hivyo tunalalamika kwamba wanabahatisha.

Ubahatishaji huo katika magari ya zamani ulikuwa na hasara ndogo, kwa kuwa pampu ya 1HZ ikitolewa bila sababu hurudishwa ikafanya kazi. Katika kufuli la umeme hasara ni kubwa. Bolti zinazolishika hutengenezwa kwa makusudi vichwa vyake vikatike wakati wa kufungwa kiwandani, ili mwizi asipate pa kuzishika, kwa hiyo fundi huzitoa kwa patasi na nyundo, au kwa kekee, akiutikisa mhimili mzima. Mkono wake uko karibu na mfuko wa hewa wa usukani, na asiyechomoa betri akangoja angalau sekunde 90 kabla ya kufungua anacheza na baruti. Fauka ya hayo, katika magari mengi kufuli na kompyuta vimefundishwa kutambuana kwa namba za siri, hata kufuli zima kabisa lililotoka gari jingine la aina ile ile likifungwa bila kusajiliwa halitakubaliwa. Hapo mwenye gari amekwisha lipa kufuli, nauli na ujira, na gari limelala pale pale, na nati ya arthi ingali imelegea.

Mkoa huu una ithibati nzuri ya kile ambacho ufundi ulio wazi unaweza kukifanya mbali na kiwanda. Meli ya Graf von Götzen iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungwa upya Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Na wahandisi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nene wakitumaini kuirudia. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Miaka minane majini, na ikafanyiwa kazi na mafundi ambao hawakuijenga, kwa sababu kila nati yake ilimkubali yeyote mwenye spana na akili. Hapakuwa na kufuli ndani yake lililohitaji ruhusa kutoka Papenburg.

Nakiri kwamba gari la leo haliwezi kuwa wazi kiasi hicho, na nisingependa liwe, maana wezi nao wana spana. Lakini kati ya uwazi wa Liemba na ububu wa kisanduku hiki ipo njia ya katikati, na wenzetu wamekwisha ianza: kanuni ya Ulaya ya 2007 iliwataka watengenezaji wawape mafundi wa nje maelezo ya matengenezo, na wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliipitisha haki kama hiyo Novemba 2012. Fundi wetu hutegemea video aliyotumiwa kwenye simu.

Iko hoja nyingine isemwayo gerejini, nayo ni kwamba kufuli liondolewe tu, maana nani ataiba Mark X Kibondo ambako kila gari linajulikana mwenyewe? Hoja hii siipuuzi. Kwa gari lenye umri wa miaka kumi na tano, ambalo kufuli lake limethibitishwa kwa kipimo kuwa limechakaa, naona ni insafu mwenyewe aliamulie. Ninalolipinga ni namna. Kukata waya wa kufuli hali ulimi umebaki mahali pake, na kutegemea bahati kwamba hautasukumwa na mtikisiko, ni kumweka dereva na abiria wake chini ya upanga kwenye kona za kuteremkia Malagarasi. Anayeliondoa na aondoe ulimi wenyewe, auone kwa macho nje ya gari, ndipo atafute njia ya kuiridhisha kompyuta, kwa maana vipo vifaa vinavyotoa jibu badala ya kufuli; na amwandikie mwenye gari alichokifanya, ili atakayelinunua kesho asidhani kwamba ana ulinzi ambao hana, na mwenye bima kubwa asije akaumbuka siku ya madai.

Serikali haikosi la kufanya. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na vyuo vya maendeleo ya wananchi kama kile cha Kasulu, vingeweza kuwa na mashine moja nzuri ya kusoma makosa, miongozo ya magari kumi yanayopatikana zaidi wilayani, na mwalimu anayejua vyote viwili, mlango ukiwa wazi jioni kwa mafundi wa mitaani ambao hawana vyeti wala muda wa kukaa darasani mwaka mzima. Gharama yake haifiki bei ya gari moja la mkuu yeyote. Hata hivyo mashine na mwalimu havitafaa kitu iwapo mhitimu atarudi gerejini akakuta kupima hakulipwi.

Kwa hiyo nawaelekea wenye kulipa, na si mtu mwenye gari moja kwanza, kwa sababu huyo huhesabu shilingi yake na ana haki ya kuihesabu. Nawaelekea wenye magari mengi: wasafirishaji wa mazao wa Kasulu, wenye mabasi madogo ya Kibondo, na mashirika yaliyobaki kambini Nyarugusu, ambayo hati zao za malipo zina safu ya spea na safu ya ujira wa kufunga. Waongeze safu ya tatu, ya upimaji, yenye bei iliyokubaliwa kabla boneti haijafunguliwa, na wasiilipe mpaka fundi alete karatasi yenye usomaji wa betri likiwa limepumzika gari na likiwa linawashwa, upotevu wa umeme kwenye arthi, hali ya fyuzi, na kile alichokisikia kitufe kilipobonyezwa. Gereji zitazoea haraka kuliko tunavyodhani. Na mwenye Crown yake moja, atakapoletewa karatasi kama hiyo na kuambiwa kwamba dawa ilikuwa kuikaza nati, atakuwa na kitu mkononi cha kulipia.